Nodi ya 1 imetoka wapi? Mpangilio wa kumbukumbu ndani ya faili ya perf.data

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nilipima programu yetu kwa perf c2c kwenye seva yenye soketi mbili, kisha nikanakili faili ya perf.data kwenye kompyuta yangu mpakato ili niichambue kwa utulivu. Kompyuta yangu ina nodi moja tu ya kumbukumbu, lakini ripoti inaniambia kwamba mstari wa kache unaonisumbua uko kwenye nodi ya 1, ilhali nyuzi zote zinazougusa nilizifunga kwenye nodi ya 0. Mstari mwingine unaonyeshwa kuwa kwenye nodi zote mbili. Chombo kimejuaje mambo haya? Tena kichwa cha faili kina maelezo ya NUMA, na chini yake kuna maelezo mengine ya nodi za kumbukumbu yenye namba zisizoeleweka. Kwa nini jambo moja liandikwe mara mbili, na je, niyaamini?"

Kwa walio wapya: perf ni chombo cha Linux cha kupima utendaji wa programu, na c2c ni amri yake inayotafuta mistari ya kache (vipande vidogo vya kumbukumbu ambavyo prosesa huvihamisha kwa pamoja) inayogombaniwa na nyuzi, yaani mikondo ya kazi ya programu. Nodi ni sehemu ya kumbukumbu, kwa kawaida pamoja na prosesa zilizo karibu nayo, na NUMA ni mpangilio wa mashine yenye nodi kama hizo. Ndugu msomaji, chombo hakikubahatisha, wala hakikuitazama kompyuta yako mpakato. Kilisoma ramani ya kumbukumbu ya seva ambayo ilihifadhiwa ndani ya faili yenyewe siku ulipopima. Zile namba zisizoeleweka ndizo ramani hiyo, na bila hizo safu ya Node katika ripoti yako isingekuwa na maana yoyote. Ili jambo hili likae sawa, inafaa tuanze na anwani.

Anwani ambayo programu yako inaiona ni anwani pepe. Ni makubaliano kati ya kerneli na mchakato mmoja, na mchakato mwingine unaweza kuwa na anwani iyo hiyo huku ikielekeza mahali pengine kabisa. Ukiwa na anwani pepe peke yake huwezi kusema data iko kwenye vipande vya kumbukumbu vya soketi ipi, kwa kuwa kerneli ndiyo inayoamua kila ukurasa wa baiti 4096 ukae wapi, na inaweza kuuhamisha wakati wowote bila programu kujua. Kinachojibu swali la "wapi" ni anwani halisi, yaani ile ambayo prosesa huipeleka kwa kidhibiti cha kumbukumbu baada ya kupitia majedwali ya kurasa. Tangu Linux 4.14, iliyotoka Novemba 2017, kerneli inaweza kuandika anwani halisi ndani ya kila sampuli, yaani rekodi ya tukio moja lililonaswa, ya kusoma au kuandika kumbukumbu. Amri ya perf c2c record huiomba anwani hiyo yenyewe, na perf mem record huiomba ukiipa chaguo la --phys-data.

Lakini anwani halisi nayo ni namba tu. Chukua mfano wa sampuli yenye anwani 0x4c3a51240. Namba hiyo inasema data iko karibu na GB ya 19 ya nafasi ya anwani, na haisemi zaidi ya hapo. Kwenye seva moja mahali hapo ni nodi ya 1, kwenye seva nyingine yenye kumbukumbu nyingi zaidi ni nodi ya 0, na kwenye kompyuta yako mpakato huenda hakuna kumbukumbu yoyote katika anwani hiyo. Chombo cha uchambuzi kikiitafsiri namba hii kwa kutumia ramani ya mashine kinakofanyia kazi wakati huo, kitatoa jibu lenye sura ya ukweli lakini ambalo ni kosa tupu, na msomaji wa ripoti hatakuwa na njia ya kuligundua. Kwa maoni yangu kosa la namna hii ni baya kuliko ripoti yenye pengo, maana pengo humfanya mtu aulize, ilhali jibu la uongo humfanya aende kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Hiyo ndiyo sababu ya Linux 4.17, iliyotoka Juni 2018, kuongeza sehemu mpya katika kichwa cha perf.data iitwayo MEM_TOPOLOGY. Faili ya perf.data huanza na alama ya PERFILE2, ikifuatiwa na maelezo ya matukio yaliyopimwa, mahali data ilipo, na biti 256 ambazo kila moja husema kama sehemu fulani ya maelezo ya ziada imo au haimo. MEM_TOPOLOGY ni biti ya 22. Sehemu zenyewe huwekwa baada ya data, na kila moja huwa na mahali inapoanzia na ukubwa wake, ili toleo la zamani la chombo lisiloijua sehemu fulani liweze kuiruka bila kuharibu usomaji wa zile nyingine.

Sasa tuisome ramani yenyewe. Tuseme seva ina GB 32, kila nodi GB 16. Ukiendesha perf report --header-only -I, utaona kwanza kwamba nodi ni mbili na kwamba ukubwa wa bloku ni 0x8000000, kisha mistari miwili ya namna hii:

0 [16G]: 0-23,32-135
1 [16G]: 136-263

Kerneli huigawa kumbukumbu yote halisi katika bloku zenye ukubwa sawa, na kila bloku hupewa namba kwa kufuata anwani yake. Hapa 0x8000000 ni MB 128. Kwa hiyo bloku ya 0 inaanzia anwani 0, bloku ya 1 inaanzia MB 128, bloku ya 32 inaanzia GB 4, na kuendelea hivyo. Mstari wa kwanza unasema nodi ya 0 inamiliki bloku 0 hadi 23, kisha 32 hadi 135. Zihesabu: 24 na 104, jumla 128, na 128 mara MB 128 ni GB 16 kamili. Ile GB 16 iliyo ndani ya mabano haikuandikwa popote ndani ya faili. Chombo huipata kwa kuhesabu bloku za nodi hiyo na kuzizidisha kwa ukubwa wa bloku, na mimi huitumia kama uhakiki wa kwanza: ikitofautiana sana na kumbukumbu unayojua imo kwenye seva, simama hapo kabla ya kusoma kitu kingine.

Tazama pia pengo kati ya 23 na 32. Ni GB moja nzima, kuanzia GB 3 hadi GB 4, ambayo haina mwenyewe. Hilo si kosa. Katika mashine za aina ya x86 nafasi iliyo chini ya GB 4 huachiwa kwa sehemu vifaa vya maunzi, kama kadi za mtandao na za michoro, ambavyo prosesa huzungumza navyo kwa anwani kana kwamba ni kumbukumbu. Kumbukumbu ambayo ingekaa hapo husogezwa juu ya GB 4. Pengo hili ndilo linaloeleza kwa nini mtu hawezi kuweka tu "mwanzo" na "mwisho" wa kila nodi na kuridhika. Nodi moja inaweza kuwa na vipande viwili au vitatu, na katika mashine ambazo kumbukumbu huongezwa au kutolewa zikiwa zinafanya kazi, vipande hivyo vinaweza kutawanyika zaidi. Ramani ya biti hubeba hali zote hizo kwa namna ile ile: bloku ikiwa ya nodi, biti yake ni 1, vinginevyo ni 0.

Ndani ya faili, sehemu hii huanza na namba tatu za baiti nane kila moja: toleo la muundo, ukubwa wa bloku kwa baiti, na idadi ya nodi. Baada ya hapo kila nodi huja na namba yake, urefu wa ramani yake kwa biti, na biti zenyewe. Urefu huo hufika hadi bloku ya juu kabisa ya nodi husika, ndiyo maana ramani ya nodi ya 1 katika mfano wetu ina biti 264 ingawa 136 za mwanzo zote ni sifuri. Mtu anaweza kuona huo ni ubadhirifu, lakini tufanye hesabu: TB nzima iliyogawanywa kwa bloku za MB 128 ni bloku 8192, yaani biti 8192, ambazo ni baiti 1024. Kilobaiti moja kwa kila nodi, ndani ya faili ambayo kwa kawaida hufika mamia ya megabaiti, si gharama ya kuzungumzia.

Turudi kwenye anwani yetu ya 0x4c3a51240. Igawe kwa 0x8000000 na uchukue sehemu kamili ya jibu: unapata 152. Bloku ya 152 iko kati ya 136 na 263, kwa hiyo data ni ya nodi ya 1. Hicho ndicho chombo kilichokufanyia. Kwa kasi hakigawanyi kila mara, bali huunganisha bloku zinazofuatana za nodi moja kuwa kipande kimoja chenye mwanzo na mwisho, huvipanga vipande hivyo katika mti wa utafutaji, kisha kila sampuli huulizwa iko ndani ya kipande kipi. Nakushauri ufanye hesabu hii kwa mkono angalau mara moja kwa mstari wa kache ulio juu kabisa katika ripoti yako, maana ukiiona ikikubaliana na safu ya Node, utaisoma safu hiyo ukiwa na sababu ya kuiamini.

Kuhusu swali lako la kuandikwa mara mbili: sehemu hizo mbili hazisemi jambo moja. Ile ya NUMA, ambayo ni ya zamani zaidi, inasema kila nodi ina kumbukumbu kiasi gani kwa jumla, kiasi gani kilikuwa huru, na prosesa zipi ni zake. Inatosha kujibu "uzi huu uliendeshwa kwenye nodi ipi", kwa kuwa kila sampuli hubeba namba ya prosesa. Haiwezi kujibu "data hii inakaa kwenye nodi ipi", kwa sababu haitaji anwani hata moja. Kujua kwamba nodi ya 1 ina GB 16 hakukuambii ni GB 16 zipi. Zipo pia mashine zenye nodi zilizo na kumbukumbu lakini zisizo na prosesa hata moja, na kwa hizo orodha ya prosesa haisaidii kabisa.

Tofauti hiyo inajitokeza ndani ya ripoti yenyewe, na imewapotosha watu wengi waangalifu. Katika jedwali la kwanza la perf c2c report, lile linaloorodhesha mistari ya kache, safu ya Node inatoka kwenye anwani halisi na ramani tuliyoieleza: ni makao ya data. Katika jedwali linalofuata, lile linalochambua kila mstari wa kache kwa nafasi zilizoguswa ndani yake, safu ya Node iliyo mwishoni inaonyesha nodi zilizoshiriki katika kuifikia data: ni makao ya waliogusa. Jina ni moja, maana ni mbili. Kwa hiyo ripoti yako haijipingi inaposema nodi ya 1 juu na nodi ya 0 chini. Inasema nyuzi za nodi ya 0 zinagusa data ambayo makao yake ni upande wa pili wa mashine.

Na ule mstari ulioonyeshwa kwenye nodi zote mbili? Chombo huanza na orodha tupu ya nodi kwa kila mstari wa kache, na kila sampuli huongeza nodi yake. Mstari wa kache hutambuliwa kwa anwani pepe, kwa hiyo ukurasa ukihamishwa kutoka nodi moja kwenda nyingine katikati ya upimaji, sampuli za mwanzo zitaonyesha nodi moja na za baadaye nodi nyingine. Tazama safu ya PA cnt katika jedwali la pili, kwenye nafasi moja moja ya mstari huo: huhesabu mara ambazo anwani halisi ilibadilika. (Katika jedwali la kwanza hesabu hiyo hupanda hata nafasi tofauti za mstari uleule zinapoguswa.) Ikiwa ni zaidi ya 1 kwenye nafasi moja, huenda ukurasa ulihama. Mara nyingi anayehamisha ni kerneli yenyewe, kupitia usawazishaji wa NUMA wa kiotomatiki. Ukisoma /proc/sys/kernel/numa_balancing kwenye seva na kukuta 1, usawazishaji huo umewashwa.

Sasa kuhusu kuamini. Ramani hii inastahili kuaminiwa kwa kiwango kikubwa, lakini mipaka yake inafaa ijulikane.

Kwanza, ramani husomwa kutoka kwenye saraka za /sys/devices/system/node na /sys/devices/system/memory. Kerneli iliyojengwa bila uwezo wa kuongeza kumbukumbu mashine ikiwa hai haina saraka hiyo ya pili, na hapo sehemu ya MEM_TOPOLOGY haitakuwepo kwenye faili. Mwishoni mwa kichwa chombo hutaja sehemu zilizokosekana, kwa hiyo tazama kama jina hilo limo kabla hujajadili nodi na mtu yeyote.

Pili, bloku ndiyo kipimo kidogo kuliko vyote ambavyo ramani inavijua. Kwenye mashine za x86 zenye GB 64 au zaidi kerneli inaweza kupanua bloku hadi GB 2, na mpaka kati ya nodi mbili si lazima uangukie mwanzoni mwa bloku. Bloku moja inaweza basi kuwa na kumbukumbu ya nodi mbili, na namba yake ikaonekana katika mistari yote miwili ya kichwa. Ukiona namba inayojirudia namna hiyo, jua kwamba anwani zilizo ndani ya bloku hiyo pekee hazina jibu la hakika. Zilizobaki ziko salama.

Tatu, unapopima na kuandika kwenye faili kwa njia ya kawaida, maelezo ya kichwa hukusanywa upimaji unapomalizika. Ni picha ya dakika ile. Kwenye seva ambayo kumbukumbu yake haiongezwi wala kutolewa wakati wa kazi, jambo hili halina athari. Kwenye mashine ambayo kumbukumbu yake hubadilishwa mara kwa mara, gawanya upimaji katika vipindi vifupi.

Nne, sampuli nyingine zitakuwa na anwani halisi ya sifuri. Kerneli huitafsiri anwani pepe ikiwa katikati ya ukatizi, yaani prosesa ikiwa imesimamishwa ghafla ili kushughulikia tukio, mahali ambapo hairuhusiwi kusubiri ukurasa uletwe, kwa hiyo ukurasa usipopatikana papo hapo huandika sifuri. Pia kusoma anwani halisi kunahitaji ruhusa za juu, na kuna sababu njema ya hilo: anwani halisi humsaidia mshambuliaji anayetaka kujua data ya wengine imekaa jirani na yake. Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba tangu Linux 4.2 faili ya pagemap ya kila mchakato huwaonyesha watumiaji wa kawaida sifuri badala ya namba ya ukurasa halisi. Unapompa mtu wa nje faili yako ya perf.data, kumbuka kwamba unampa anwani hizo pamoja na jina la seva na amri nzima uliyoiendesha.

Mwisho ni mipaka iliyo nje ya uwezo wa perf kabisa. Mashine pepe huona anwani ambazo ni halisi kwake tu. Chini yake mwenyeji anaweza kuwa ameziweka kurasa hizo kwenye nodi yoyote, na ramani iliyoandikwa itakuwa ramani ya mashine pepe. Vilevile, ikiwa programu ya msingi ya seva (BIOS) imewekwa ili ichanganye kumbukumbu za soketi zote mbili kwa zamu, kerneli itaona nodi moja tu hata kama soketi ni mbili. Kwa kuwa faili yako inaonyesha nodi mbili, na ikiwa seva yako si mashine pepe, hali hizi hazikuhusu.

Kwa tatizo lako, basi, kuna maelezo ninayoyapa nafasi ya kwanza. Kwa kawaida Linux huuweka ukurasa kwenye nodi ya prosesa inayougusa mara ya kwanza. Ikiwa nyuzi zako za kazi zimefungwa kwenye nodi ya 0 lakini data yake iko kwenye nodi ya 1, tafuta uzi unaoiandaa data hiyo mwanzoni, ule unaotenga kumbukumbu na kuijaza sifuri kabla nyuzi nyingine hazijaanza, na uangalie uliendeshwa kwenye prosesa ipi. Ufunge nao kwenye nodi ya 0, au endesha programu nzima kwa numactl ukitumia --cpunodebind=0 pamoja na --membind=0. Usawazishaji wa kiotomatiki uuzime kwa muda wa jaribio ili kurasa zisihame, kisha pima tena na usome jedwali la kwanza. Makao ya mstari ule yakihamia nodi ya 0 lakini nyuzi zikaendelea kunyang'anyana mstari huo, umbali haukuwa tatizo kuu. Huenda nyuzi zinaandika vigeu tofauti vilivyobanana ndani ya baiti 64 za mstari mmoja wa kache, na ikiwa ndivyo itabidi uvitenganishe ndani ya muundo wa data wenyewe.